Sogea Saa

Benchi letu limetengenezwa kwa mbao za behewa, na urefu wake ni wa kukaliwa na watu watano wanaopendana au wanne waliokosana. Liko barazani kwa Mama Pedali, fundi cherehani, ubavuni mwa ile iliyokuwa karakana ya mabehewa na ambayo siku hizi ni ghala la magodoro. Karakana ilifungwa miaka kumi na tisa iliyopita, lakini sisi bado tunakaa hapa kama watu wanaosubiri king'ora cha kuingia kazini. Yupo Mzee Winchi, aliyeendesha winchi kubwa iliyotembea kwenye reli chini ya paa, miaka thelathini na moja bila kushuka ila kula na kuzikana. Yupo Stimu, fundi redio, ambaye kila jambo kwake ni waya umelegea. Mama Pedali mwenyewe hushona huku anabisha, na chupa ya kahawa ni yake, kwa hiyo hoja zake hazipingwi sana. Mimi ni fundi saa, wananiita Majira. Na kuna mahali pa Filimbi, mwenzake Winchi wa karakana, mwisho kabisa wa benchi, ambapo hakai mtu tangu tulipomzika mwaka juzi. Tangu siku hiyo Winchi amekuwa mtu wa ndiyo, hapana na kikombe.

Basi Ijumaa alasiri tukamwona mjukuu wa Winchi anakuja, yule tunayemwita Injinia, anayesoma chuo cha ufundi. Kichwani kabeba beseni, begani mikoba miwili. Akatuamkia wote, tukaitikia, akalitua beseni na kujikalisha palepale pa Filimbi. Cherehani ikanyamaza.

Winchi: Sogea mlango, mjukuu wangu.

Msichana akainuka na adabu zake zote, akaenda kusimama kwenye mlango wa duka la Mama Pedali.

Stimu: Ala! Sasa huyu anaenda wapi?

Injinia: Si nimeambiwa nisogee mlangoni?

Mama Pedali: Mlango si mlango huo, mwanangu. Njoo ukae hapa katikati. Ukikaa na wazee hawa, kwanza ujifunze lugha yao.

Hapa kijiweni, mtu akitaka umpishe anakwambia "sogea saa" au "sogea mlango," na kila mmoja anajua ni upande upi. Ndivyo tulivyozoea. Msichana akasogea, akafunua beseni. Ndani mlikuwa na kidude cha bati, kikubwa kidogo kuliko pasi ya mkaa, kina magurudumu manne na mkono mmoja wa kushikia vitu.

Stimu: Hii ndiyo roboti yenyewe? Nilidhani ina kichwa.

Injinia: Kichwa ni mimi, mzee. Mimi ndiye dereva. Au tuseme, ndiye dereva mpaka saa kumi na mbili leo.

Mama Pedali: Kwani saa kumi na mbili kuna nini?

Akatueleza. Kesho ni mashindano ya vyuo. Roboti inaokota viboksi vya rangi uwanjani na kuvirudisha kwenye kapu la timu yake. Mwezi uliopita, kwenye mchujo, Injinia aliokota boksi la mwisho vizuri kabisa, akageuza, akarudi nalo, halafu mbele ya chuo kizima akaenda kulitia kwenye kapu la wapinzani. Sasa timu imempa laptopu mbili na vifaa vya kuongozea, wakamwambia: chagua mwenyewe utakavyoendesha, ufanye mazoezi, ukifika jioni tuambie uko tayari au hauko. Kama hauko, usukani anapewa mwingine.

Injinia: Na mimi roboti hii nimeilehemu kwa mikono yangu. Huo mkono wake nimeufunga skrubu moja moja. Kukaa pembeni nimtazame mtu mwingine anaiendesha, siwezi. Nimekuja kwa babu kwa sababu babu alikuwa dereva.

Tukamtazama Winchi. Winchi akatazama kikombe chake.

Stimu: Usimsumbue babu yako, mambo ya umeme uko nami. Lete hizo laptopu.

Akazitoa. Moja nyembamba kama daftari, inang'aa. Nyingine nene, nyeusi, imekatika pembe, ukiibeba unajua umebeba.

Stimu: Chukua nzito. Mjadala umefungwa.

Mama Pedali: Kwa nini?

Stimu: Kitu cha umeme lazima kiwe na uzito. Umeona wapi transfoma nyembamba? Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Kila ratili humo ndani ina kazi yake.

Mama Pedali: Wahenga hawakusema hayo kwa ajili ya laptopu.

Stimu: Wahenga walisema kwa ajili ya kila kitu, ndiyo maana hawakutaja majina. Hebu nipe waya wa kuongozea.

Akachomeka waya kwenye laptopu nyembamba, akautikisa kwa kidole kimoja. Waya ukachomoka. Akainama mpaka kofia ikamdondoka, akachungulia tundu.

Stimu: Unaona? Limelegea, na ni hilihili tu, halina ndugu. Katikati ya mchezo mtu akikupiga kikumbo, umekwisha. Mtaka cha uvunguni sharti ainame!

Injinia: Hiyo nayo inahusu nini, mzee?

Stimu: Inahusu tundu. Liko chini.

Wakacheka. Mimi ile methali ilinichoma mahali, nikajifanya nakunywa kahawa.

Injinia: Ila nyembamba ina kasi. Na chaji inakaa.

Mimi: Kasi si kitu. Nimezitazama zote mbili. Hiyo nyembamba iko mbele dakika nne. Kitu kisichojua ni saa ngapi kitajuaje njia?

Mama Pedali: Huyu naye! Angeletewa mgonjwa angemtazama saa kwanza.

Mimi: Na ningekuta iko nyuma.

Mama Pedali: Sikiliza, mwanangu. Shida si laptopu. Shida ni mikono. Unaendeshea nini?

Injinia akaonyesha. Kulikuwa na kibodi, unabonyeza vitufe vya mishale. Kulikuwa na pedi ya gemu, yenye vijiti viwili vya kusukuma kwa vidole gumba. Na kulikuwa na kitu alichokiunda mwenyewe: kisanduku chenye mikono miwili mirefu ya chuma, yenye vifundo vya mbao juu. Hicho alikitoa mwisho, kama anaona haya, na nikaona Winchi anakiweka kikombe chini.

Mama Pedali: Yote ya mikono! Na miguu je? Miguu miwili imekaa bure, ina njaa ya kazi. Weka pedali. Mimi nimeongoza kitambaa miaka arobaini kwa mguu, sijawahi kushona shati la mtu kwenye suruali ya mwingine.

Stimu: Uliwahi. Suruali yangu ya harusi.

Mama Pedali: Ile ulipima ukiwa umevuta pumzi! Halafu jambo lingine, mwanangu: usitazame sindano. Anayetazama sindano anashona ovyo. Tazama ukingo wa kitambaa, kule unakokwenda.

Stimu: Miguu ya nini? Dawa ni sauti. Apige kelele, roboti isikie. Mimi nina redio inaitika mpaka leo ukiipiga kofi.

Mama Pedali: Tupige makofi uwanjani?

Stimu: Au laptopu tuifungie betri ya lori na kitambaa kibichi juu. Zinaona haya mbele ya watu hizi, zinapata joto. Binti hakukosea bure siku ile, laptopu ndiyo iliyotahayari! Asiye na mengi ana machache.

Hiyo hatukuijibu, maana tulikuwa bado tunaitafutia mlango wa kuingilia. Injinia hakucheka. Alitazama jua lilivyoanza kuegemea kwenye bati la ghala.

Injinia: Wazee wangu, nimejaribu vyote. Kibodi, pedi, mikono hii. Laptopu zote mbili. Roboti ikiniacha kwenda mbele, sikosei hata mara moja. Lakini ikigeuka ikaanza kunirudia, uso kwa uso, basi nataka iende kushoto, inakwenda...

Stimu: Eeeh!

Mama Pedali: Amesema!

Mimi: Kalisema kavukavu. Mpe chupa!

Akatutazama kama tumerukwa na akili. Mama Pedali akamkabidhi chupa ya kahawa.

Mama Pedali: Sheria ya benchi. Anayesema neno hilo, au mwenzake wa mkono wa kulia...

Stimu: Na wewe umesema!

Mama Pedali: Mimi chupa ni yangu. Anayelisema anawamiminia wote.

Msichana akamimina. Ana adabu, akaanza na babu yake. Alipofika kwangu akauliza swali dogo, la mtu mgeni.

Injinia: Kwa nini?

Mimi: Kwa nini nini?

Injinia: Kwa nini hilo neno limekatazwa? Na kwa nini mnasema saa na mlango? Saa yenyewe iko wapi?

 Stimu akaiokota kofia yake, akaipangusa kabla ya kujibu.

Stimu: Nijuavyo mimi, marehemu Filimbi alikuwa na jino bovu upande huo. Hakupenda kukumbushwa.

Mama Pedali: Mimi niliambiwa ni makubaliano ya chama cha wafanyakazi.

Mimi: Akrabu za saa huzunguka tu. Umewahi kuisikia saa inasema inakwenda mkono gani? Watu wa karakana waliiheshimu saa.

Nililisema nikijua ni upuuzi. Mimi karakana nilikuwa nikiingia Jumatatu tu, kuitia ufunguo ile saa kubwa ya ukutani na kuipangusa vumbi la chuma. Mambo ya sakafuni sikuyajua.

Winchi akavuta kile kisanduku cha mikono miwili akakipakata. Akashika vile vifundo vya mbao, kimoja kila kiganja, kama alivyokuwa akishika mikono ya winchi yake. 

Winchi: Ekseli ilikuwa na magurudumu yake mawili. Tani moja na zaidi.

Tukageuka wote. Mzee alikuwa hajasema maneno mengi kiasi hicho tangu mazishini.

Winchi: Mimi niko juu kwenye kijumba cha winchi. Filimbi yuko chini, ananitazama, ndiye macho yangu. Alikuwa mgeni kazini, wiki ya pili. Akapiga filimbi, akapaza sauti, "Kushoto!" Nikavuta kushoto.

Hakuna aliyemwambia amimine kahawa.

Winchi: Kushoto kwangu. Yeye alisema kushoto kwake. Tumetazamana, mjukuu wangu. Watu wakitazamana, mkono wa huyu ni kinyume cha mkono wa yule. Ekseli ikampita hapa, karibu na sikio. Ikaibonda baiskeli ya msimamizi ikawa bapa, unaweza kuipitisha chini ya mlango. Filimbi akakaa chini. Mimi nikashuka. Nikamkuta anacheka, machozi yanamtoka. Akaniambia, "Kaka, mimi na wewe tukiendelea na maneno haya, mmoja atamzika mwenzake mapema." Kesho yake tukayatupa. Upande ule kulikuwa na saa kubwa ukutani. Upande huu, mlango mkuu. Saa ni saa, uwe juu, uwe chini, uwe umenipa uso au mgongo. Filimbi akisema saa, mzigo unakwenda saa. Miaka ishirini na sita, hatukugusa hata kofia ya mtu.

Akavisugua vile vifundo kwa gumba.

Winchi: Nimemzika. Lakini si mapema.

Mama Pedali akatafuta uzi ambao haukupotea. Injinia alikuwa amesimama, chupa ya kahawa bado mkononi.

Injinia: Babu. Babu! Roboti ina kidude ndani kinachojua imegeuka kiasi gani. Tulikiweka, hatukukitumia, walisema kitatuchanganya. Na magurudumu yake yana virola, inakwenda hata ubavu kama kaa. Naweza kuiambia mwanzoni, huku ni saa. Basi! Nikisukuma mkono kuelekea saa, iende saa, hata kama imenigeukia.

Winchi: Ndiyo.

Injinia: Kwa hiyo si laptopu. Wala si pedi.

Stimu: Laptopu ni nzito. Hilo usiliguse.

Injinia: Nzito, mzee. Waya unashika.

Mama Pedali: Na nikufungie waya huo kwa lastiki, ukipigwa kikumbo usichomoke. Nipe hapa.

Msichana akakaa chini sakafuni, laptopu nzito mapajani, vidole vikaanza kukimbia. Hatukuelewa kitu, lakini tulitazama kama tunaelewa. Baada ya muda akainua kichwa.

Injinia: Kesho uwanjani nitahitaji alama ya kuitazama, ukingo wa kitambaa, kama alivyosema mama. Nitachora saa kwenye kadibodi, mwenzangu aishike upande wa mbele. Nataka niichore ileile ya karakana. Siku ilipoondolewa, ilikuwa inaonyesha saa ngapi?

Stimu akamtazama Mama Pedali. Mama Pedali akamtazama Winchi. Winchi akatikisa kichwa.

Winchi: Siku ile mimi sikuja. Sikutaka kuona. Tulisikia imepakiwa kwenye lori la vyuma chakavu pamoja na mengine.

Stimu: Nani atakumbuka jambo kama hilo? Miaka kumi na tisa!

Mimi: Nne na dakika kumi na saba.

Ilinitoka kama kikohozi. Wakanitazama wote.

Mama Pedali: Umejuaje?

Mtu anaweza kukaa na neno miaka kumi na tisa akadhani amelizoea. Niliitwa mimi niishushe, ndiyo. Lori lilikuwa linasubiri nje. Nikaishusha, nikaisikia bado inatembea mikononi mwangu, tiki, tiki, nikashindwa. Nikaifunga gunia, nikaipakia kwenye baiskeli, nikatokea mlango wa nyuma. Mwanzo nilinyamaza kwa sababu ilikuwa wizi. Baadaye nikanyamaza kwa sababu nilikuwa nimeshanyamaza.

Mimi: Iko kwangu. Uvunguni.

Sikungoja jibu. Nyumba yangu ni ya tatu kutoka hapo. Niliinama kama methali inavyotaka, nikaivuta, nikarudi nayo kifuani, gunia na utando wake wa buibui. Nilipoifunua, uso wake ulikuwa umebadilika rangi kidogo tu, kama wetu.

Winchi akapitisha kiganja juu ya kioo, taratibu, akilizungusha vumbi.

Winchi: Filimbi alikuwa akiniuliza. Kila mwaka, siku waliyofunga. "Kaka, hivi ile saa ilikwenda wapi?" Tunakaa hapahapa, na wewe umekaa hapo, Majira. Unamsikia.

Mimi: Nilikuwa namsikia.

 Niliona haya, na haya ya uzeeni haina pa kujificha. Nilingoja anitukane, ningeshukuru. Hakunitukana. Akaichukua saa mikononi mwangu.

Winchi: Sogeeni mlango.

Tukasogea, wote, tukabanana. Akaisimamisha mwisho wa benchi, pale pa Filimbi, ikaegemea nguzo ya baraza. Injinia akaiweka roboti barazani, uso kwenye saa, akabonyeza kitufe kimoja cha kuijulisha kwamba huku ni saa. Kisha akaigeuza makusudi, imtazame yeye.

Winchi akasimama. Sauti iliyotoka sikuwa nimeisikia tangu enzi za karakana, sauti ya kupita juu ya nyundo.

Winchi: Saa!

Msichana akasukuma ule mkono wa chuma. Roboti ikarudi kinyumenyume, ikaenda saa.

Winchi: Mlango!

Ikaja mlango. Haikusita.

Winchi: Saa! Saa, saa, polepole... hapo!

Ikasimama kiganja kimoja kutoka mguu wa benchi, chini ya saa. Stimu alikuwa anapiga makofi, Mama Pedali anapangusa macho kwa kitambaa cha mteja. Injinia akaichukua simu yake. Ilikuwa kumi na moja na nusu. Akaandika, akatusomea kabla hajatuma: "Niko tayari. Laptopu nzito, mikono yangu miwili. Na kesho nakuja na babu, yeye ndiye atakayeshika saa."

Winchi: Ndiyo.

Akarudi kukaa, akainyoosha saa kidogo isianguke. Mama Pedali akasema hii ni ya kunywewa, akachukua chupa kwa msichana, akammiminia Winchi, akammiminia Injinia, akammiminia Stimu, akaweka kikombe kimoja mbele ya saa, wala hakuna aliyemuuliza. Ilipofika zamu yangu chupa ilikuwa tupu, nami sikulalamika.